Siku moja na dodoso la mguu: kutoka tafsiri hadi alama

Saa 2 asubuhi. Kabla ya foleni ya kliniki, tafsiri mbili za Kiswahili za dodoso la FAOS (Foot and Ankle Outcome Score) zinawekwa mezani pamoja. Dodoso hili humuuliza mgonjwa kuhusu mguu wake kuanzia kifundo kwenda chini. Lina maswali 42 katika mafungu matano: maumivu 9, dalili nyingine 7, shughuli za kila siku 17, michezo 5 na ubora wa maisha 4. Tafsiri ya kwanza ni ya mtu wa fiziotherapia, ya pili ni ya mtafsiri asiyejua lolote la tiba. Mwongozo wa kutafsiri madodoso ya afya wa Beaton na wenzake wa mwaka 2000 unataka hivyo makusudi, na mara nyingi huyu wa pili ndiye anayeandika kama watu wanavyosema.

Saa 3. Kamati inapitia palipogoma. "Wiki iliyopita" inaondolewa, maana anayehojiwa Ijumaa huanza kuhesabu kuanzia Jumatatu ya juma lililokwisha. Inaandikwa "siku 7 zilizopita". Kuingia na kutoka kwenye beseni la kuogea hakumgusi anayeoga kwa ndoo, na swali la choo halisemi kama ni cha kukalia au cha kuchuchumaa, ilhali kifundo kilichokaza hupata taabu tofauti kabisa. Kuna pia "ukakamavu wa kifundo", kwa maana ya kukaza. Ukirudishwa Kiingereza unatoka salama, lakini mgonjwa akisikia ukakamavu anafikiria ujasiri. Tafsiri ya kurudisha haioni kosa la namna hii. Linaonekana kwa mgonjwa tu.

Saa 4:30. Majaribio kwa wagonjwa. Wanatakiwa 30 hadi 40, wenye matatizo mchanganyiko: waliotegua, waliovunjika mifupa ikaunga, wenye maumivu ya kisigino, wenye nyayo bapa. Kila mmoja anajaza, kisha anahojiwa swali kwa swali. Usiulize "Umeelewa, mama?" Atasema ndiyo, kwa adabu tu. Uliza: "Hapa wanauliza nini? Niambie kwa maneno yako." Halafu: "Kwa nini umechagua wastani, si kidogo?" Mwombe pia aoneshe kwa kidole sehemu inayouma, kwa kuwa mguu kwa wengi huanzia kwenye nyonga; mchoro wa kifundo na unyayo kwenye ukurasa wa kwanza unasaidia kuliko maelezo marefu. Asiyesoma anasomewa kwa sauti, bila kufafanua, na anaoneshwa kadi ya majibu matano. Fomu yake inawekewa alama, kwani duru ya pili, akijaza tena, lazima asomewe vilevile.

Wazee wengi huruka maswali ya kukimbia na kuruka. Nafasi hiyo ibaki wazi. Ukijaza 0 umeandika kwamba hana shida yoyote, na alama yake inapanda kwa uongo.

Saa 8 mchana. Kuingiza data. Kila jibu ni 0 hadi 4. Alama ya fungu ni 100 kutoa wastani wa majibu uliozidishwa kwa 25, kwa hiyo 100 ni mguu usio na tatizo. Mtego uko kwenye dalili ya nne na ya tano, zinazouliza kama unaweza kunyoosha na kukunja mguu kikamilifu. Hapo "daima" ndiyo 0. Anayeingiza kwa mazoea ya maswali matatu ya juu, ambako "daima" ni 4, anageuza yote mawili, na uwiano wa ndani wa fungu (jinsi maswali yake yanavyokwenda pamoja) unaporomoka bila sababu inayoonekana.

Saa 10 jioni. Kuandaa duru ya pili, ya kuona kama majibu yanajirudia, wiki moja hadi mbili baada ya ya kwanza. Aliyefanyiwa upasuaji juzi hafai hapa: mguu wake unabadilika, na dodoso litaonekana halitulii. Wanatafutwa angalau 50 ambao hali yao imesimama, na kila mmoja anaulizwa kwanza kama kuna kilichobadilika.

Kisha hesabu. ICC, kipimo cha jinsi alama za duru mbili zinavyolingana, ya 0.70 ndiyo kizingiti cha chini, lakini hata 0.90 si ruhusa ya kushangilia. Tuseme alama zimetawanyika kwa 20 (mkengeuko sanifu): kosa la kipimo ni 20 mara kipeuo cha pili cha 0.10 (1 kutoa 0.90), yaani 6.3; ukizidisha kwa 1.96 na kipeuo cha pili cha 2 unapata 17.5, badiliko dogo kabisa linaloaminika kwa mtu mmoja. Aliyetoka 60 hadi 70 amepanda 10 tu, hivyo haandikwi kuwa amepata nafuu.