Ukuta kwanza, mashine baadaye

Jumapili jioni, Tabata

Ukuta umekauka. Matofali ya inchi sita, lipu pande zote mbili, umepanda mpaka kwenye bati bila kuacha mwanya wa kupitisha hata kidole. Upande huu wapo mafundi rangi na oveni yao. Upande ule ndiko litakakokaa banda la polishi. Kila anayepita gerejini anauliza kama mashine zimefika, na simshangai, maana kwenye video mashine ndiyo inayoonekana: inazunguka, gari linang'aa. Mimi wiki nzima akili yangu ilikuwa kwenye ukuta, na leo nimeridhika.

Sababu ni silikoni. Dawa nyingi za kung'arishia dashibodi na tairi zinayo, na baadhi ya polishi na waksi pia. Haionekani kwa macho. Ukipuliza inapanda hewani, inashika kwenye ovaroli, kwenye kitambaa, kwenye kiganja cha kijana aliyevuka upande wa pili kuazima spana. Ikitua kwenye bodi iliyokwisha kusafishwa ikisubiri rangi, rangi haikubali kukaa pale. Inajitenga na kuacha vishimo vya duara, vile mafundi wanavyoviita macho ya samaki. Hapo hakuna ujanja wa bunduki ya rangi utakaokuokoa. Unaacha ikauke, unarudi kwenye msasa, unasafisha, unapiga upya. Na kabla chanzo hakijajulikana watalaumiwa wengi: tina ya kuchanganyia rangi imechakachuliwa, kompresa inatema mafuta, fundi hakupangusa vizuri. Kumbe mtu kapuliza dawa ya tairi hatua chache kutoka hapo.

Kwa hiyo nimeandika tangazo kwa mkono wangu na kulibandika mlangoni: chochote chenye silikoni hakiingii ndani. Tairi zitapakwa getini, gari likiwa linaondoka, kwa sponji, si kwa kupuliza. Polishi tutakazonunua ni zile ambazo chupa yenyewe inasema zinafaa kwenye karakana ya rangi. Ovaroli za banda ni za bluu, za wapiga rangi ni za kijivu, na hazifuliwi pamoja. Vitambaa vivyo hivyo. Nimeambiwa nimezidisha. Sijazidisha.

Mzee wetu wa rangi, aliyeanza kazi hii enzi za Peugeot 504, hakuwa anaupenda mpango huu. Juzi alikuja akasimama pale uwazi wa mlango, mikono nyuma.

"Mwanangu, rangi iliyopigwa ikapigika haidai polishi. Polishi ni ya kuficha aibu."

Namheshimu sana mzee huyu, na mkono wake kwenye metaliki sijauona kwa mwingine. Nikamwambia, "Mzee wangu, hata kiwandani gari likitoka kwenye tanuri la rangi linakuta watu wamesimama na taa wanatafuta chembe za vumbi. Wakiiona wanaisugua, wanapolishi palepale, gari linaendelea. Wale wanamalizia kazi tu." Hakujibu. Akainama kuangalia taa nilizokuwa nimezilaza chini hazijafungwa, akauliza zitakaa juu au pembeni. Nikajua tumeelewana.

Taa ndiyo kitu nilichokifikiria zaidi baada ya ukuta. Miaka yote gari letu tunalikagua nje, juani. Jua ni zuri kwa kufichua mikwaruzo ile ya duara inayoachwa na vitambaa vichafu, ila saa saba mchana boneti ya gari jeusi haishikiki, na polishi inakauka kabla haijafanya kazi yake. Siku ya mawingu nayo huoni kitu. Mteja ndiye atakayeona, usiku, akisimama kituo cha mafuta chini ya taa kali.

Ndani ya banda tunafunga taa ndefu za LED juu, mistari miwili inayofuata urefu wa gari. Faida yake ni kwamba ule mstari wa mwanga unauona umelala kwenye boneti, na kingo zake ndizo zinazokusomea rangi. Zikiwa zimenyooka, rangi imelala vizuri. Zikiwa na vijitundu na mawimbi, una ganda la chungwa, yaani rangi imekauka na vinundu kama ganda la tunda hilo. Pembeni tunaweka nyingine usawa wa vitasa vya milango, kwa sababu mwanga wa juu haufiki vizuri kwenye milango na fenda. Halafu kuna tochi ndogo yenye nukta moja ya mwanga, kazi yake kutafuta yale mawimbi yanayoachwa na mashine ikiendeshwa kwa pupa. Taa ndefu huyaficha, tochi huyaleta mbele.

Kwenye boksi la taa ninasoma namba mbili. Ya kwanza ni kelvini, kipimo cha mwanga kuwa wa njano au mweupe. Tumechagua 5000, inakaribia mwanga wa mchana. Ya pili huandikwa CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi ilivyo hasa, na hapo sishuki chini ya 90. Wauzaji wengi niliowauliza pale Kariakoo walibidi wageuze boksi kwanza, hawajazoea kuulizwa. Lakini fundi anayelinganisha fenda mpya na mlango wa zamani chini ya taa ya kipimo cha 70 ataapa zimefanana, gari likitoka nje kila mtu anaona mlango wake na fenda yake. Kuta za ndani nimechagua kijivu hafifu kisichong'aa, ili kwenye bodi tuone mwanga wa taa na si wa ukuta.

Nafasi sikuibania. Land Cruiser lina urefu wa karibu mita 5 na upana wa karibu mita 2. Fundi anahitaji kuzunguka na mashine mkononi bila kugusa ukuta kwa mgongo, kwa hiyo kila upande nimebakiza zaidi ya mita moja. Umeme unashuka kutoka juu, waya haziburuzwi kwenye rangi, na kwa kuwa sakafu italowa nimedai breka inayokata yenyewe umeme ukivuja. Hapo fundi umeme hakubishana.

Sasa klia, ule utando angavu unaopigwa juu ya rangi. Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo roho yangu ilipo.

Rangi ya kiwandani, tangu bati hadi juu kabisa, kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150, na mikroni elfu moja ndiyo milimita moja. Ndani ya hizo, klia ni 40 hadi 60 hivi. Unywele wa kichwani ni kama mikroni 70. Kwa hiyo kile kinachong'aa, kinachobeba kinga ya jua, ni chembamba kuliko unywele mmoja, na kupolishi ni kukipunguza. Klia ikiondoka haioti tena. Gari lililopolishiwa ovyo kila mwaka litafika siku klia inachubuka kwenye paa na boneti, mabaka meupe, na hapo hakuna polishi itakayoirudisha, ni rangi upya.

Ndiyo maana kabla ya mashine tulinunua kipima unene. Kidude cha kuingia mfukoni, unakigusisha kwenye bodi, kinakupa namba. Jana tulikijaribu kwenye Crown nyeusi ya mteja. Boneti ilisoma 118, paa 115, mlango wa mbele 121. Mlango wa nyuma kushoto, 340. Fenda inayofuata ikavuka 900. Kijana wetu akarudia mara mbili akidhani kifaa kimeharibika. Nikamwambia apitishe kiganja taratibu kutoka mlangoni kwenda kwenye fenda, afumbe macho. Akasita katikati, pale inapoanzia puti, ule udongo wa kujazia mabonde ya bodi. Mlango umepigwa rangi mara ya pili, fenda imenyooshwa na kujazwa puti, na mwenye gari mwenyewe huenda hajui, lilikuja hivyo kutoka Japani au lilifanyiwa hapa kwa mmiliki wa kabla yake. Kwa macho matupu, hata chini ya taa zetu mpya, fundi aliyeifanya kazi ile hakuacha alama.

Kwa nyeusi za Toyota zenye namba ya rangi 202 tahadhari ni mara mbili, rangi ile ni laini, kitambaa kibaya tu kinaichora. Na kuna magari yasiyo na klia kabisa. Nyeupe ya 040, iliyojaa kwenye Hilux na Land Cruiser za kazi, mara nyingi ni hivyo. Utajua kwa pedi ya kupolishia: ikigeuka rangi ya gari, unasugua rangi yenyewe. Si kosa, ila ujue unafanya nini. Kingo za milango na ile mikunjo mikali ya bodi ndipo klia ilipo nyembamba kuliko kwingine, na ndipo mashine hupenda kuchoma. Tepu ya karatasi inawekwa pale kabla ya yote, gari lolote, fundi yeyote, hata awe mkongwe.

Kwa gari linalotoka kwenye oveni yetu wenyewe mambo ni mepesi kidogo. Klia ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, ikiokwa nyuzi 60 kwa nusu saa na kuachwa ipoe, inashikika. Isiyookwa inasubiri angalau kesho yake, na karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Chembe ya vumbi inasuguliwa kwa msasa wa maji namba 2000, inafuatia 3000, kampaundi, yaani polishi kali ya kukwangua, kisha polishi laini. Waksi haigusi rangi mpya mpaka zipite siku 30 hadi 90, kulingana na aina, kwa sababu mabaki ya tina bado yanatafuta njia ya kutoka.

Maji yametusumbua kuliko nilivyotegemea. Kisima chetu kina chumvi kama vilivyo visima vingi vya Dar. Ukisuuzia gari ukaliacha likauke lenyewe, kila tone linaacha kiduara cheupe, na likikaukia juani kiduara kile kinaingia kwenye klia. Kisima kitaoshea matope na sakafu. Suuza ya mwisho itatoka kwenye tangi la maji ya mvua, bati la gereji ni kubwa, na masika moja inajaza mengi. Kiangazi kikizidi tutatumia chujio la kuondoa madini, ingawa makopo yake si rahisi.

Halafu kuna kunguru. Walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 kutoka Bara Hindi, wakavuka, na sasa mji ni wao. Kinyesi chao kikikaa juani kwenye boneti, klia inatanuka kwa joto, jioni inanywea ikikifuata kinyesi kilivyokauka, unabaki na ramani iliyozama. Kinyesi kikiwahiwa siku hiyohiyo kwa maji na kitambaa laini hakiachi kitu. Ningependa kila mwenye gari mjini hapa ajue hilo kabla hajaja kwetu, ingawa ni kazi tunayoipoteza.

Mashine zenyewe zitakuwa mbili tu kwa kuanzia: ya kuzunguka, kwa ajili ya alama za msasa, na ile inayozunguka huku ikiyumba, ambayo haikusanyi joto sehemu moja na ni salama zaidi kwa mkono unaojifunza. Vijana wataanzia hiyo ya pili, kwenye boneti chakavu niliyoipata kwa wauza vyuma. Kitambaa kikianguka chini hakirudi kwenye gari. Hakuna sabuni ya kulainisha nguo kwenye kufulia, inaziba nyuzi.

Nimeshaulizwa pia kama tutauza seramiki ya 9H, dawa ya kupaka juu ya klia ikagandia, "ile ambayo gari halichoriki". Tutaipaka kwa anayeitaka, maana inasaidia kweli: maji yanateleza, uchafu haung'ang'anii, kuosha kunakuwa rahisi. Lakini 9H ni kipimo cha penseli, risasi ya penseli ngumu kuliko zote ikishindwa kuchora. Mchanga si penseli. Kitambaa chenye mchanga kitachora gari lenye seramiki na lisilo nayo, na sitamwambia mteja vinginevyo ili nimuuzie.

Jambo lililotuchukua muda kukubaliana na mzee ni nani mwenye amri ya kurudisha gari kwenye rangi. Yeye alisema ni yeye. Mimi nikasema ni yule aliyeshika kipimo chini ya taa. Tumeishia kwenye daftari: kila paneli namba yake kabla na baada, na paneli ikiwa nyembamba mno haiguswi mpaka sisi wawili tusaini na mwenye gari apigiwe simu.

Ile Crown ndiyo itakuwa ya kwanza, Jumanne. Kwenye paa ina alama mbili za kunguru zimezama. Tutazipunguza, hatutazimaliza, na nimeshampigia dada mwenye gari kumweleza kwa nini. Amesema sawa, ila akija anataka azione namba kwa macho yake, pamoja na ile 900 ya kwenye fenda.

"Na mlionipigia simu ni nyinyi tu," akasema. "Walioniuzia hawakuniambia."

Kipima unene nimekiacha kwenye droo ya mezani, betri mpya ndani. Atakuwepo saa tatu asubuhi.