Daftari la matetemeko ya Gelai: namna nilivyoliweka mwaka 2007

Mwezi Julai mwaka 2007 nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya msingi chini ya Mlima Kitumbeine, kaskazini mwa Tanzania. Upande wetu wa kaskazini-magharibi upo Mlima Gelai, volkeno iliyolala tangu zamani, na mbali zaidi, kusini mwa Ziwa Natron, upo Oldoinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu na ambao haujawahi kutulia kwa muda mrefu. Kuanzia tarehe 12 ya mwezi huo ardhi ilianza kutikisika, kwanza kwa mishtuko midogo ambayo mtu aliyekuwa akitembea hakuihisi, kisha mara nyingi kwa siku. Wenyeji wa Bonde la Ufa wanalifahamu tetemeko, na moja likipita hawaachi walichokuwa wakikifanya. Kilichowatia hofu safari hii ni kwamba mishtuko haikukoma.

Niliamua kuweka daftari kwa sababu kila jioni nilisikia hesabu tofauti. Mmoja alisema ardhi imetikisika mara mbili, jirani yake akasema mara kumi, na wa tatu akaapa kwamba kila mshtuko ni mkubwa kuliko uliotangulia. Tungeendelea kubishana hivyo hadi mtu apakie mizigo yake na kuondoka pasipo kujua anakimbia nini wala anaelekea wapi.

Daftari lenyewe lilikuwa la kawaida la shule, nililolichora safu kwa rula. Safu ya kwanza ilikuwa ya saa, nami nilihakikisha kwamba saa yangu ya mkononi inarekebishwa kila siku kwa mlio wa redio kabla ya taarifa ya habari, kwa kuwa tetemeko lisilo na saa sahihi haliwezi kulinganishwa na kumbukumbu ya mtu mwingine yeyote. Zilifuata safu za muda wa kutikisika, sekunde kati ya kishindo cha kwanza na mtikisiko, vitu vilivyosogea au kuanguka, aliyehisi, na alichokuwa akikifanya wakati huo. Safu hii ya mwisho ina thamani kuliko inavyodhaniwa: mtu aliyelala chini huhisi mshtuko ambao mchungaji anayekimbiza mbuzi hataujua kamwe, kwa hiyo mshtuko uliohisiwa na mchungaji huyo si mdogo.

Shida kubwa ilikuwa kutenganisha tetemeko na visivyo tetemeko. Mchana wa kiangazi upepo wa vumbi huzunguka uwanjani na kuyagongesha mabati, na lori likipita karibu sakafu hutetema. Nilisimamisha chupa tupu za soda kichwa chini kwenye sakafu ya saruji ya ofisi ya walimu, na nyingine wima kando yake, kwa kuwa ile ya kichwa chini huangushwa na mtikisiko mdogo zaidi. Wanafunzi wa darasa la saba walishika zamu ya kuzikagua na kuzisimamisha upya. Kanuni yetu ilikuwa kwamba tukio haliandikwi mpaka chupa ianguke, au mpaka watu wawili waliokuwa mahali tofauti walitaje kwa saa ile ile pasipo kuulizana.

Safu iliyotusaidia kuliko zote ilikuwa ya sekunde. Tetemeko hutuma mawimbi ya aina mbili kwa pamoja. La kwanza ni la msukumo, nalo husafiri haraka, na la pili, linalotikisa kwa kukata ubavuni, hulifuata nyuma. Kadiri chanzo kinavyokuwa mbali ndivyo nafasi kati ya mawimbi hayo inavyorefuka, na kwa matetemeko ya karibu kila sekunde moja ya nafasi hiyo ni sawa na kilomita 8 hivi. Usiku, ukiwa umelala na kila kitu kimya, unasikia kishindo kifupi, unaanza kuhesabu, kisha kitanda kinayumba. Hesabu yetu ilikuwa karibu kila mara kati ya sekunde mbili na tatu. Hiyo ni kilomita 16 hadi 24, yaani mteremko wa kusini wa Gelai. Kutoka Lengai tungepaswa kuhesabu nne au zaidi. Ni kipimo cha kukadiria tu, wala sishauri mtu abishane kwa sababu ya nusu sekunde, lakini kiliweza kutenganisha mlima mmoja na mwingine.

Jambo hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu karibu wote waliamini kwamba ni Lengai unaojiandaa. Laigwanani, yaani kiongozi wa kimila wa Wamaasai, wa eneo letu alinijia na kuniambia, "Mwalimu, kama ni Lengai tutawaondoa ng'ombe. Kama si Lengai, tutalala nje na kungoja. Daftari lako linasemaje?" Nilimjibu, "Mzee, mishtuko inatoka Gelai. Kwamba Lengai hautafanya kitu, daftari halijui." Aliuliza kwa nini ardhi itikisike mahali ambapo mlima umelala. Nilimwambia kwamba ardhi ya bonde letu inavutwa upande wa mashariki na upande wa magharibi, milimita chache kila mwaka, kama ngozi iliyowambwa kwa vigingi ili ikauke, na kwamba inapovutwa hivyo hukonda na kupasuka. Mambo ya ngozi aliyajua kuliko mimi, kwa hiyo hatukuhitaji maneno mengi.

Tarehe 17 Julai, saa 11 na dakika 10 jioni, lilipiga lililo kubwa kuliko yote, la ukubwa wa 5.9. Hadi Nairobi watu walitoka maofisini. Kwetu ukuta wa darasa moja ulipata ufa kutoka kwenye kona ya dirisha hadi juu, ilhali nyumba za boma, zilizojengwa kwa fito na samadi, ziliyumba na kubaki kama zilivyokuwa. Kuanzia kesho yake tulifundisha chini ya mgunga, na mimi mwenyewe, niliyekuwa na nyumba ya matofali niliyojivunia, niliomba nafasi ya kulala bomani.

Baada ya tetemeko hilo wengi walisema sasa yamekwisha. Daftari halikukubaliana nao. Tetemeko la kawaida, kama lile la ukubwa wa 6.8 la Ziwa Tanganyika la Desemba 2005, huanza na pigo kuu, kisha yanayofuata hupungua kwa kasi siku baada ya siku. Letu lilianza na madogo, likafika kubwa siku ya sita, na bado yakaja mengine yenye nguvu kwa majuma kadhaa bila mpangilio huo wa kupungua. Kwa sababu hiyo nilisisitiza kwamba wanafunzi wasirudishwe darasani mapema, na wazazi walikubali. Nilikutana pia na imani kwamba madogo yanapunguza hasira ya kubwa. Hesabu inaikataa, kwa maana kila ngazi moja ya ukubwa huongeza nishati kwa takriban mara 32, hivyo yangehitajika kama elfu moja ya ukubwa wa 4 ili kulifikia moja la 6.

Wataalamu waliochunguza picha za rada za satelaiti baadaye walieleza kilichokuwa kikiendelea chini yetu: ufa wa ardhini ulikuwa umeteleza polepole, na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikajipenyeza wima chini ya Gelai kama bamba lenye upana wa mita mbili hivi, bila kufika juu. Mvutano mwingi wa gamba la dunia ulimalizwa na utelezi huo na magma hiyo, na mishtuko tuliyoihesabu ilikuwa sehemu ndogo tu.

Mwanzoni mwa Septemba Lengai ulilipuka kweli, na majivu yakaanguka kwenye malisho. Laigwanani hakunilaumu, alikumbuka nilichomwambia, na mifugo ilikwishahamishwa na wenyewe mara moshi ulipobadilika. Niliongeza safu mbili, ya upande wa majivu na ya urefu wa wingu ukilinganishwa na mlima, na kuendelea kuandika.

Wanajiolojia waliopita kijijini walipiga picha kurasa zote. Swali lao la kwanza lilihusu usiku ambao haukuwa na tukio: je, ardhi ilitulia, au mwandishi alikuwa amelala? Niliwaonyesha kwamba kila usiku wa namna hiyo uliandikwa "hakuna", pamoja na jina la aliyekuwa macho.