Nimekuchagulia Wakubwa

Juzi binti yangu alikuwa anachambua dagaa jikoni, akanisogezea kisahani. "Mama, nimekuchagulia wakubwa." Nikaweka kisu chini.

Mwaka wa tatu chuoni nilikwenda Kigoma kwa mafunzo kwa vitendo. Kila asubuhi nilipima dagaa 100 mwaloni Kibirizi, mitumbwi inaposhusha samaki, toka ncha ya mdomo hadi mkia unapogawanyika. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, nao huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, wavuvi hupumzika. Wiki mbili zikapita. Grafu yangu ilikuwa nzuri mno, wadogo hawamo kabisa.

Siku hiyo niliwahi. Mitumbwi ilikuwa ndiyo kwanza inafika, mchanga bado baridi. Yule mama niliyekuwa nanunua kwake alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, anainua dagaa mmoja mmoja, anamtazama, wakubwa anawalaza kwenye sahani, wadogo anawarudisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hawa wako. Kila siku nakuchagulia wakubwa, wasije wakakucheka huko chuoni."

Nikatazama beseni. Vidagaa vyembamba kama sindano vilijaa mle, vyote ambavyo daftari langu lilikuwa linasema havipo. Darasani nilikuwa nimejibu swali la sampuli nasibu, yaani kuchota bila kuchagua, nikapata alama zote. Nikasema, "Asante mama," nikalipa.

Jioni nilimweleza msimamizi wangu huku natetemeka. Hakugomba. Aliniambia nipige mstari mmoja juu ya zile namba ili ziendelee kusomeka, niandike pembeni kilichotokea, na nisichane hata ukurasa. Kesho yake nikaanza upya: nafumba macho, nachota kikombe kimoja, napima wote waliomo. Zilibaki siku tano tu kabla mwezi haujakolea.

Siku hizi mwanafunzi akiniletea grafu, naomba kwanza daftari, kisha namuuliza nani aliyechota.

Yule mama sikumwambia kamwe. Hadi naondoka nilinunua mafungu mawili, la kikombe la kupima na lile lake la kula. Nilidhani namwonea huruma. Lakini alijua dagaa kuliko sisi wote pale mwaloni, na sijui ningejifunza nini kama siku ile ningechuchumaa kando yake nikamweleza natafuta nini.