Vitunguu vyekundu havitoi rangi nyekundu

Ukichemsha maganda makavu ya vitunguu maji vyekundu ili utie kitambaa rangi, yale yanayofagiliwa kila jioni chini ya meza za wauza mboga, maji hugeuka mekundu kama juisi ya rozela. Usidanganyike. Wekundu ule hauhimili moto wala kufuliwa. Kinachoshika kwenye uzi ni umanjano uliojificha chini yake. Pamba itatoka na rangi ya asali, au kaki yenye ukijani.

Kazi kubwa iko kwenye kitambaa, kabla maganda hayajaguswa. Chomoa uzi mmoja uuchome. Ukiungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, ni polista, achana nacho. Amerikani, yaani pamba nyeupe isiyopaushwa, inafaa sana, ila hutoka kiwandani na wanga na mafuta. Kwa nusu kilo yake, chemsha saa moja na nusu katika lita 10 za maji yenye vijiko viwili vya chakula vya magadi. Tumia sufuria ya stili, maana magadi hula alumini. Maji yakiwa kama chai, mwaga, suuza, rudia. Anayeruka hatua hii ndiye anayelalamika baadaye kuhusu mabaka.

Shabu, yaani alum, ndiyo inayofunga rangi kwenye uzi. Pamba haiishiki vizuri kama sufu, kwa hiyo ilowekwe kwanza usiku kucha kwenye chai ya rangi iliyokolea sana. Makapi ya chai ya mama ntilie yanatosha, mradi uwe nayo mengi. Kamua, kisha loweka usiku mwingine kwenye shabu gramu 75, yaani asilimia 15 ya uzito wa kitambaa kikavu. Saga mabonge, yeyusha kwa maji ya moto, ongeza maji hadi kitambaa kielee.

Sasa maganda: gramu 500, ambayo ni mzigo mkubwa kuliko unavyodhani. Chemsha saa moja kwa moto mdogo, chuja kwa kitambaa, kwa sababu kipande kimoja kikibaki huacha doa. Tia amerikani ikiwa mbichi, geuzageuza kwa saa moja, iache ipoe humo hadi asubuhi. Vyombo hivi visirudi tena kupikia chakula.

Ukitaka kijani cha zeituni kilichoiva, loweka misumari yenye kutu kwenye siki wiki mbili, kifuniko kikiwa kimelegezwa. Vijiko viwili vya maji yake kwenye lita 5 vinatosha. Chovya dakika tatu, toa, suuza. Usiongeze kwa tamaa, maana chuma kikizidi nyuzi huchakaa na kitambaa huchanika mikononi.

Anika kivulini. Jua huifubaza rangi hii haraka, hivyo kwa pazia la dirishani sishauri kabisa. Kwa mfuko wa kanga au kitambaa cha meza, haina neno.