Shamba la Bibi na mfuko usioonekana

Wiki iliyopita binti ninayemfundisha kushona aliniuliza, mkononi ana shati nililotoka kulimaliza: "Dada, hivi hiki kipaji ulizaliwa nacho, au na mimi nikijitahidi nitafika?" Nikamwambia atafika, tukaendelea na kazi. Tangu siku hiyo jibu lile linanisumbua kila nikiwa kwenye daladala asubuhi kuja kazini Makoroboi, hapa Mwanza mjini.

Mimi kwetu ni Ukara. Kwa asiyepajua, unapanda meli Mwanza hadi Nansio, kisha gari mpaka Bugolora, halafu unavuka maji tena. Kisiwa chote hakifiki kilomita za mraba 100, mawe kila upande, na udongo wake ni mchanga uliotokana na mawe hayo hayo. Ukiutazama hivi hivi hauna kitu. Lakini watu wamejaa, na wamekuwa wakijilisha hapo tangu kabla Mwingereza hajaja kuwashangaa. Wanaishi kwa samadi. Ng'ombe wa Bibi walikuwa ndani, hawakuzurura. Sisi wajukuu ndio tuliowakatia majani. Asubuhi tunabeba samadi kichwani, mbichi, maji yake yanatiririka mpaka shingoni. Katikati ya uwele Bibi alipanda marejea, mmea wa kurutubisha udongo. Uwele ukivunwa, marejea yanaachwa yakue, kisha anayafukia kwa jembe yangali mabichi. Mwaka unaofuata, hivyo hivyo. Sikumbuki msimu hata mmoja aliosema sasa shamba limeshiba.

Magoti yalipomshinda, ng'ombe wakauzwa, shamba akalima mtu mwingine bila samadi. Misimu mitatu tu. Nilipokwenda kumsalimia nikachota udongo wa shamba lile, ukapita katikati ya vidole kama mchanga wa ufukweni.

Mimi mwenyewe yamenikuta. Kinacholeta wateja barazani kwangu ni mfuko wa shati la kitenge. Nakata kipande, nakilaza kifuani, nakisogeza kidogo kidogo mpaka jani lililoanzia kwenye shati liishie mfukoni, na ua likae juu ya nusu yake. Ukitoka vizuri, mwenye shati anautafuta mfuko kwa vidole. Ilinichukua miaka minne kuuweza. Halafu nikaacha cherehani, nikauza vocha na simu miaka miwili kwenye kibanda cha wifi yangu, kwa sababu pale hela ilikuwa inaonekana kila siku. Niliporudi, mfuko wa kwanza ulipishana na shati kwa unene wa njiti ya kiberiti. Nikafumua. Nikashona, nikafumua tena, mpaka kitambaa kikabaki na matundu ya sindano. Mama mwenye shati alilipokea bila neno, nami nikamrudishia hela yake ya ufundi. Usiku ule nililia, si kwa sababu ya hela. Nilikuwa naamini mkono ukishajua, umejua.

Kwa hiyo juhudi inahitajika, hilo sina shaka nalo. Neno nililokosea ni "utafika". Bibi hakufika popote, alikuwa analisha shamba. Na kipaji kipo pia, nisimdanganye mtu: huyu binti mkono wake umetulia kuliko wangu nilipokuwa na umri wake, na nimemwambia hivyo. Ila mkono wangu usiotulia ndio unaoshona mashati yanayouzwa hapa leo.

Jumatatu nilimpa mabaki ya kitambaa cha mistari, nikamwambia ashone mifuko ishirini isiyouzwa. Sasa yuko wa saba. Mstari bado unamkimbia kwenye kona ya chini kushoto, kwa sababu anaona uvivu kupiga bandi kwanza, yaani kuushikiza mfuko kwa mkono kabla ya cherehani. Leo mchana nimemwona, bila mimi kusema, akitafuta sindano ya mkono.