Kovu la Baba

Swali la shangazi halijanitoka tangu Jumapili. Nilikuwa nimemtumia picha niliyopiga kwenye jumba la sanamu za David d'Angers, mchongaji wa Kifaransa wa zamani, pale ndani ya kanisa la kale la Toussaint lenye paa la vioo. Sanamu ya kichwa cha Goethe, mwandishi wa Kijerumani, kikubwa kupita cha binadamu, paji la uso limejaa juu ya macho, nywele zimesimama kama moto wa vifuu. Hicho cha hapa Angers, Ufaransa, ni cha plasta. Mwaka 1829 David alifunga safari mpaka Weimar, Ujerumani, akakifinyanga kwa udongo mbele ya mzee mwenyewe, kisha akamchongea cha marumaru na kumpelekea zawadi mwaka 1831. Hakuna aliyemwagiza. Napenda sana jambo hilo. Waandishi Hugo na Chateaubriand nao aliwachonga kwa marumaru. Aliamini akili ya mtu huonekana kwenye paji, basi akalikuza bila woga.

Shangazi akapiga simu.

“Paji la huyo mzungu umelijua. La kaka yangu unalikumbuka?”

“Nalikumbuka, shangazi.”

“Haya, lile kovu la mwembe lilikuwa upande gani?”

Nikakosa jibu. Akasema wali wake unaungua, akakata.

Rashidi kaanza kazi Nantes, mimi nimeongezewa mkataba, lakini wiki nzima nikitandika vitanda vya wazee ninaowahudumia kazini nasikia “upande gani” tu.

Jana usiku nikawa naziwaza medali za shaba za David. Alifanya zaidi ya 500, nyingi zikionyesha sura kwa ubavuni. Kwake, uso wa mbele unakutazama wewe. Wa ubavuni una shughuli zake. Ndipo nikaikumbuka ile picha ya baba kwenye harusi ya Bakari, kageuka anamsikiliza mtu. Nikaitoa kwenye bahasha. Sikio, ndevu, kofia kairudisha nyuma, paji la kushoto lote liko wazi. Laini kabisa, halina kovu.

Nilicheka kwa sauti jikoni. Alfajiri nikapiga.

“Shikamoo shangazi. Kulia.”

“Marahaba. Kulia, juu ya nyusi. Alianguka akinichumia mimi.”

Hilo la kumchumia yeye sikuwahi kuambiwa. Nimelibeba siku nzima kwa furaha.

Salma kakohoa tena usiku. Daktari wake yuko likizo mpaka Jumatatu, na dawa imebaki kidogo tu chini ya chupa.