Karatasi Tupu

Nilirudi darasani nikiwa na miaka 41, masomo ya uhasibu ya jioni, mara tatu kwa wiki baada ya kazi. Jaribio la kwanza nilipata 34 kwa 100. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimesoma kweli. Daftari langu lilijaa mistari ya njano karibu kila ukurasa, na sura ya urari, ile orodha ya masalio ya hesabu zote, upande wa debiti na upande wa krediti, nilikuwa nimeirudia mara nne usiku wa kuamkia jaribio.

Mwalimu alikuwa kijana, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Hakunisema mbele ya wenzangu. Alisubiri watoke, akafunga kitabu changu, akanisogezea karatasi tupu.

"Mama, hebu niandikie yote unayoyakumbuka kuhusu urari."

Niliandika kwamba jumla ya debiti na jumla ya krediti lazima zilingane. Kalamu ikasimama hapo. Ukurasa wenyewe nilikuwa nauona, hata ile njano naiona, lakini maneno hayaji.

"Unaujua kwa sura tu," akasema, "kama jirani unayemsalimia kila siku na jina lake hulijui."

Tulikaa karibu nusu saa. Alinisimulia habari za Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo yake mwaka 1885. Aligundua kwamba tunasahau kwa kasi kubwa mwanzoni kabisa, na kwamba marudio yaliyoachanishwa siku kwa siku hushika kuliko yaliyorundikwa mara moja. Nikafikiria usiku wangu ule wa kurudia mara nne, nikanyamaza.

Akanipangia: dakika kumi kila siku, kitabu kimefungwa, niandike somo lililopita. Ndipo nifungue, nisahihishe kwa wino mwekundu. Nirudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu, nasema kweli. Nyumbani sikuwa na dakika hata tano za utulivu, kwa hiyo nikaanza kufika ofisini mapema kabla simu hazijaanza kulia. Karatasi zikirudi nyekundu tupu. Mtu mzima anayeheshimika kazini kwake, kujiona hajui kila asubuhi si jambo jepesi. Nadhani wengi wetu huachia hapo, kwa sababu kusoma tena ukurasa uliozoeleka kunatuliza moyo.

Ukafika mwisho wa mwezi. Urari wa ofisi ukakataa, upande mmoja umezidi kwa 360. Wenzangu wakaanza kufungua risiti moja moja tangu tarehe mosi, na kila mtu alijua tutalala pale.

Mimi nikavuta karatasi tupu. Mkono ulikuwa umeshazoea. Nikaandika makosa yanayovuruga urari: ingizo lililosahauliwa upande mmoja, kiasi kilichoingizwa upande usio wake, hapo tofauti inakuwa maradufu ya kiasi chenyewe, tarakimu zilizopinduana, kama 12 kuandikwa 21, hapo tofauti hugawanyika kwa 9. Nikagawa. 360 kwa 9 ni 40. Kama ni kupinduana, basi huenda ni nafasi ya mamia na ya makumi, na tarakimu hizo mbili zinapishana kwa 4.

"Dada, umepata nini?" mwenzangu akauliza.

"Bado. Niletee leja."

Nilishuka na kidole safu nzima, nikitazama mamia na makumi tu. Ukurasa wa tatu nikasimama kwenye 5,480. Risiti yake ilisema 5,840. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nikaikata kwa mstari mmoja, nikaandika kiasi sahihi juu yake, nikatia sahihi pembeni. Tukajumlisha upya, na pande zote mbili zikalingana.